Prelude mpya: dola 42,000 ziko miguuni, si chini ya boneti

Honda iliirudisha Prelude barabarani Japani mwezi Septemba 2025, na kabla mwaka haujaisha ikawa imeshafika Marekani, baada ya jina hilo kukaa kabatini tangu 2001. Ni gari la milango miwili, lenye mlango wa buti unaonyanyuka pamoja na kioo, viti vinne kwa jina tu maana vile vya nyuma ni vya watoto na mabegi, na mfumo wa haibridi, yaani petroli na umeme pamoja. Marekani linauzwa dola 42,000, na ukiongeza dola 1,195 za kulifikisha kwa muuzaji unasimama kwenye 43,195. Tangu bei hiyo itangazwe, ubishi umekuwa mmoja: farasi 200 kwa pesa yote hiyo? Anayelaani bei anahesabu farasi, na anayeitetea naye anahesabu farasi. Wote wawili wamefungua boneti wakainama hapo hapo, na hapo hakuna kipya ambacho Honda inakulipisha. Injini na mota ni zile zile za Civic haibridi, gari la Honda la kila siku. Pesa iliyoongezwa imekwenda chini zaidi, kwenye miguu: sespensheni, shokamzoba, breki na matairi. Ukilipima gari hili kwa miguu yake utaona lina thamani kubwa kuliko wapinzani wanavyokubali. Hata hivyo, kwa mnunuzi wa Marekani thamani hiyo haifiki 42,000. Mimi naiweka kati ya 37,000 na 38,000, na nitaeleza hesabu hiyo inatoka wapi.

Kwanza tujue gari linatembeaje, kwa sababu nusu ya malalamiko yanatokana na kutojua. Mfumo wa Honda unaoitwa e:HEV hauna giaboksi ya kawaida. Una injini ya petroli ya cc 1,993 inayotoa farasi 141, mota moja inayozalisha umeme, mota ya pili inayosukuma matairi ya mbele kwa farasi 181, na betri ya lithiamu yenye takriban kWh 1. Mjini injini kazi yake ni kuzungusha jenereta. Anayevuta gari ni mota ya pili. Ukifika mwendo wa barabara kuu, klachi moja inajifunga na kuunganisha injini na matairi moja kwa moja, kwa sababu kwenye mwendo huo njia ya umeme inapoteza zaidi. Jumla ni farasi 200 na msukumo wa Nm 315, na msukumo huo wa mota unapatikana kuanzia gari likiwa limesimama. Ndiyo maana Prelude ukiikanyaga mafuta kutoka kwenye taa inaondoka kwa adabu na kwa haraka, bila injini kupiga kelele kwanza. Wapimaji wa Marekani waliipata ikifika maili 60 kwa saa, yaani karibu kilomita 97, kwa takriban sekunde 6.5. Hapo ndipo wapinzani wanapopigilia msumari: Civic haibridi, yenye moyo ule ule, inafanya hivyo kwa sekunde 6.2 hivi. Kwamba gari la michezo linaachwa nyuma kidogo na gari la kwendea sokoni, tena la duka lile lile, ni jambo lisilopendeza, na Honda ingelijua mapema.

Kuna kikomo kingine ambacho hakizungumzwi sana, nacho kinatokana na hesabu nyepesi. Injini inatoa farasi 141, gari linatangaza 200. Tofauti ya farasi 59 ni kama kW 44, nayo lazima itoke kwenye betri. Betri ya kWh 1, hata kama ungeweza kuikamua mpaka tone la mwisho (na kompyuta ya gari haitakuruhusu), ingetoa kW 44 kwa chini ya dakika moja na nusu. Baada ya hapo unabaki na kile kinachozalishwa na injini pekee. Kwenye barabara ya kawaida hutaliona hilo kamwe, maana kila ukigusa breki au ukiachia mafuta betri inarudishiwa chake. Lakini kwenye mlima mrefu ukiwa umekanyaga mpaka chini, au kwenye uwanja wa mbio mzunguko wa pili na wa tatu, gari linalegea. Kwa hiyo anayetaka chombo cha kukimbizana uwanjani siku za wikendi asilinunue hili, awe na pesa asiwe nazo.

Sasa twende miguuni. Honda ilichukua muundo wa Civic Type R, toleo kali la Civic lenye farasi 315, ikauweka chini ya gari la farasi 200. Cha kwanza na cha maana zaidi ni miguu ya mbele. Kwenye sespensheni ya kawaida ya stratu (mguu mmoja uliounganisha springi na shokamzoba), tairi likikata kona stratu nzima inazunguka pamoja nalo, na mstari ambao tairi linauzungukia unaanzia juu kabisa kwenye kiungo cha shokamzoba na kushuka hadi kwenye boljointi ya chini. Mstari huo umeinama kwa ndani, kwa hiyo unapita mbali na katikati ya tairi. Matokeo yake, ukikanyaga mafuta kwa nguvu ukiwa kwenye kona, tairi lenye mshiko mkubwa linauvuta usukani upande wake. Dereva yeyote aliyeendesha gari la kuvuta mbele lenye nguvu analijua pambano hilo. Type R na Prelude zina kitovu cha pembeni, yaani kipande kinachobeba tairi, kinachozunguka kwa boljointi zake mbili karibu kabisa na tairi, huku stratu yenyewe ikibaki haizunguki. Mvuto wa usukani unapungua sana. Na hapa ndipo wanaosema kwamba muundo huo ni wa bure kwa farasi 200 wanapokosea, maana kinachouvuta usukani ni Nm, na Prelude ina Nm 315 zinazomwagika zote mara moja kutoka kwenye mota. Muundo huu unahitajika hapa, haukuwekwa kwa ajili ya kupamba orodha.

Juu ya hilo kuna shokamzoba zinazojirekebisha kwa umeme, ambazo hutazipata kwenye Civic haibridi ya Marekani hata ukilipa zaidi. Kuna breki za Brembo za pistoni nne mbele, na diski za milimita 350. Matairi ni 235/40 kwenye rimu za inchi 19. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma umefupishwa hadi milimita 2,605, pungufu ya milimita 130 ukilinganisha na Civic, na hilo unalihisi kwenye kona za kubana: pua inageuka mapema na mkia unafuata bila kusita. Uzito ni kilo 1,480 hivi, zaidi ya Type R yenyewe, lakini sehemu kubwa ya mzigo wa umeme imekaa chini. Dereva akilipeleka kwenye barabara ya milimani yenye kona mfululizo, mwendo ambao angeuogopa ndani ya Civic anaumudu hapa akiwa bado anaongea na abiria wake. Hicho ndicho kinachouzwa.

Kisha kuna kile kitufe cha S+ Shift kilichozua kejeli nyingi. Gari halina gia, ila ukikibonyeza linajifanya lina gia nane: injini inapanda na kushuka mizunguko kwa hatua, kuna mkato mdogo wa msukumo kati ya hatua na hatua, na spika zinaongeza sauti. "Gia za kuigiza," wanasema, na kwa maana ya neno hawajadanganya. Ila hawaulizi kinachotokea nyuma ya maigizo. Kwenye hali ya kawaida injini inapumzika ukiachia mafuta, na ukikanyaga tena inabidi ipande kwanza ndipo jenereta itoe umeme wa kutosha. Hicho ndicho kile kiulegevu cha magari ya haibridi kinachowaudhi madereva. Kwenye S+ kompyuta inaishikilia injini juu unapoingia kona, kwa hiyo unapotoka jenereta tayari iko kwenye mizunguko yake na msukumo unakuja papo hapo. Vibao vya nyuma ya usukani navyo vinabadilisha jinsi mota inavyolivuta gari nyuma ukiachia mafuta, kama vile umeshuka gia kweli. Sauti ya spika mtu anaweza kuipenda au kuichukia. Kazi ya injini na jenereta ni ya kweli.

Basi tuwasikilize wanaosema bei ni ya kuruka. Hoja yao yenye uzito ni jirani zake sokoni. Toyota GR86 inaanzia dola 31,000 hivi, ina farasi 228, inasukuma kwa matairi ya nyuma, ina gia sita za mkono na ni nyepesi kwa takriban kilo 200. Ford Mustang ya silinda nne ina farasi 315 kwa dola 32,000 na ushei. Mtu anayetaka gari la kuchezea, la wikendi, ambaye hajali petroli wala kelele, akienda kununua Prelude amepotea njia, na hakuna maelezo ya sespensheni yatakayombadilisha. Hoja hiyo naikubali kwa mnunuzi wa namna hiyo. Haifanyi kazi kwa mtu anayelitumia gari moja kwa kila kitu: foleni ya asubuhi, safari ya kilomita 500, na ile barabara moja ya milimani ambayo anaipitia kwa makusudi ingawa si njia ya mkato. GR86 kwenye foleni inachosha mguu wa kushoto, na ndani yake ni kelele tupu. Mustang ya silinda nne inakimbia, ila haina wepesi wa mkono.

Upande wa watetezi nao una hoja tatu, na ubora wake unatofautiana. Ya kwanza ni ya mfumuko wa bei. Prelude ya mwisho, ya 2001, iliuzwa Marekani kwa karibu dola 23,600, na ile ya gia za mkono ilikuwa na farasi 200. Ipandishe bei hiyo kwa mfumuko wa bei wa Marekani wa miaka 24, unafika pale pale kwenye elfu arobaini na mbili na kitu. Farasi wale wale, bei ile ile. Hesabu ni sahihi, lakini inasahau mambo mawili. Prelude ya 2001 ilikuwa na injini yake ya cc 2,157 yenye VTEC (mfumo wa Honda wa kubadilisha jinsi vali zinavyofunguka) ambayo kwenye maduka ya Honda ya Marekani hukuipata kwenye gari jingine. Leo injini unaipata kwenye Civic iliyoegeshwa mita tatu pembeni. Pili, Prelude ya 2001 yenyewe ilikufa mauzo yakiwa yameshuka, na kuonekana ghali kulichangia. Kuthibitisha kwamba bei mpya inalingana na bei iliyochangia kuliua gari la zamani si utetezi wa kujivunia.

Hoja ya pili ni petroli. Makadirio ya serikali ya Marekani yanaipa Prelude wastani wa maili 44 kwa galoni, yaani kilomita 18.7 kwa lita, wakati GR86 ya gia za mkono inapata nusu ya hapo, maili 22. Dereva wa kilomita 20,000 kwa mwaka atatumia lita 1,070 badala ya 2,140. Tuseme galoni ni dola 3.50: anaokoa karibu dola 990 kwa mwaka. Tofauti ya bei ya magari haya mawili ni kama dola 11,000. Itamchukua miaka kumi na moja kuirudisha, au minane tisa hivi ukizingatia kwamba GR86 inataka petroli ya daraja la juu. Petroli inapunguza maumivu tu, haiwezi kuhalalisha bei. Na ukiilinganisha na Civic haibridi, hoja inageuka kabisa, kwa maana Civic inakula mafuta kidogo kuliko hata Prelude.

Ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na inarudiwa kila mahali: kwamba ni ushuru wa Marekani ndio uliolifanya gari kuwa ghali. Prelude inaunganishwa kiwanda cha Yorii, mkoa wa Saitama, na ni kweli kwamba magari ya Japani yaliongezewa ushuru Aprili 2025 hadi asilimia 27.5, kisha ukashushwa hadi 15 mwezi Septemba. Lakini ushuru unatozwa kwenye thamani ya forodhani, si kwenye bei ya dukani. Tuseme thamani hiyo ni dola 32,000: asilimia 15 ni dola 4,800, na hapo asilimia 2.5 ilikuwepo tangu zamani. Hata ukiitoa ongezeko lote, bado uko kwenye elfu thelathini na nane. Halafu kuna swali ambalo watetezi hawalijibu. GR86 nayo inatoka Japani, kwenye kiwanda cha Subaru mkoani Gunma. Mazda MX-5 inatoka Hiroshima. Zote mbili zinapita forodha ile ile kwa asilimia ile ile, na zinauzwa karibu na dola 30,000. Ushuru ungekuwa ndiyo sababu, zingepanda pamoja. Na Japani kwenyewe, ambako hakuna ushuru wa aina hiyo, Prelude ni yeni 6,179,800, kodi ya mauzo ikiwa ndani. Civic Type R ilipotoka 2022 ilikuwa yeni 4,997,300. Yaani nyumbani kwake Prelude imetangazwa kwa bei inayoizidi ile iliyotangazwa kwa Type R yenye nguvu zaidi. Honda ilipanga bei ya juu tangu mwanzo, na sababu kubwa naiona ni idadi ndogo: lengo la Japani lilikuwa magari 300 tu kwa mwezi. Gari lenye mabati yake, milango yake na vioo vyake ambavyo haligawani na gari jingine, likitengenezwa kwa idadi hiyo, kila moja linabeba mzigo mkubwa wa gharama za kuandaa kiwanda. Hilo ni tatizo la mtengenezaji. Mnunuzi anaweza kulielewa bila kukubali kulilipia.

Hesabu yangu mimi inaanzia kwenye Civic haibridi iliyosheheni kila kitu, ambayo Marekani ni dola 33,000 hivi. Ina kiti cha dereva cha umeme na paa la kioo linalofunguka. Prelude haina hivyo vyote viwili: kwa dola 42,000 unavuta kiti kwa mkono. Si jambo la kumwangusha mtu, lakini kwenye gari linalouzwa kwa toleo moja tu, na linalowindwa zaidi na watu wazima kuliko vijana, ni ubahili wa ajabu. Japani oda za mwezi wa kwanza zilifika karibu 2,400, mara nane ya lengo, na wengi wa waliozitoa ni watu wa miaka ya hamsini na sitini, wanaoikumbuka Prelude ya 1987 iliyokuwa na usukani wa matairi yote manne. Wateja hao ndio hasa wanaotaka kiti kinachokumbuka mahali pao. Tofauti kati ya magari haya mawili ni dola 9,000. Miguu ya mbele ya Type R, shokamzoba za umeme, breki za Brembo, rimu na matairi: kwa vifaa vinavyotengenezwa tayari kwa gari jingine, dola 4,000 mpaka 5,000 ni bei ninayoweza kuilipa bila kinyongo. Kiasi kinachobaki unalipia umbo. Umbo zuri, sibishi, lakini umbo lisilo na kiti cha umeme.

Uingereza picha ni nyingine, na hapo ndipo inapoonekana kwamba swali la thamani halina jibu moja. Bei ni pauni 40,995. Lakini huko GR86 haiuzwi tena mpya. Kanuni za usalama za Ulaya zilizoanza Julai 2024 ziliifungia mlango, na mgao wa Uingereza ulikwisha nayo. Civic Type R nayo imeagwa Ulaya. Aliyebaki na gari la milango miwili kwa pesa hiyo ni BMW 220i, inayoanzia karibu na bei hiyo hiyo na inakula mafuta zaidi, ingawa inasukuma kwa matairi ya nyuma. Kwa dereva wa Uingereza mwenye pauni elfu arobaini na moja mfukoni, Prelude ni chaguo linaloingia akilini kabisa. Mabadiliko yako kwenye duka la jirani, gari ni lile lile.

Kuna kundi moja la watetezi ambalo limeanza kulinunua gari kama kiwanja: wanaliweka wakitegemea litapanda bei, kama Integra Type R za miaka ya 1990 zilivyopanda. Hao wananunua ndoto. Integra ile ilikuwa na injini iliyosuguliwa mahsusi, gia za mkono, na haikuwa na skrini wala programu za kufa nazo. Magari ya zamani yanayopanda bei karibu yote fundi mwenye bisibisi na subira anaweza kuyafufua. Prelude hii ina betri itakayochoka, shokamzoba za umeme zitakazovuja, na skrini ambayo siku programu zake zitakapoachwa kusasishwa itabaki kioo cheusi kwenye dashibodi. Mwenye nia ya kulinunua alinunue aliendeshe, na ahesabu kwamba thamani itashuka kama ya gari lolote la milango miwili, ambalo wateja wake wa mkono wa pili ni wachache kwa sababu halina nafasi ya familia.

Anayekwenda kulijaribu dukani asilizungushe mtaani dakika tano akarudi. Atafute barabara yenye lami mbovu kidogo, aliendeshe kwanza kwenye hali ya starehe kisha kwenye ile ya michezo, asikilize kama tofauti ya shokamzoba anaihisi mgongoni. Kama haihisi, basi nusu ya pesa za ziada hazimhusu, achukue Civic arudi nyumbani. Kisha akate kona ya taratibu huku akikanyaga mafuta kwa nguvu, mikono ikiwa imelegea kwenye usukani, aone kama unamvuta. Mwisho abonyeze S+ na apite kona zile zile. Kipimo cha sekunde kutoka kwenye taa kisimsumbue.

Kwetu Afrika Mashariki gari hili litafika kwa njia ya kawaida, ya minada ya Japani, na usukani upo kulia kwa hiyo hakuna kikwazo hapo. Japani gari jipya linakaguliwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na wamiliki wengi huuza kabla ya kulipia ukaguzi. Tegemea basi wimbi dogo la kwanza mwishoni mwa 2028 na la pili 2030. Kwa sheria ya Kenya ya miaka minane, la 2025 linaweza kuingia Mombasa hadi mwisho wa 2032. Tanzania haizuii umri, ila gari likifikisha miaka minane linaanza kubeba ushuru wa ziada wa uchakavu, kwa hiyo kusubiri bei ishuke sana kunaweza kukurudishia gharama bandarini Dar es Salaam. Injini ya cc 1,993 inaliweka chini ya mstari wa kodi wa cc 2,000 unaotumiwa na TRA ya Tanzania, lakini kwa KRA ya Kenya, yenye mstari wa cc 1,500, inaliweka juu.

Atakayeliagiza aangalie vitu ambavyo karatasi ya mnada haivisemi vizuri. Injini, mota na betri ni za familia ya Civic e:HEV, na fundi anayezijua haibridi za Honda hatababaika nazo. Kwenye Civic hiyo betri iko chini ya kiti cha nyuma na inapozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Vumbi likiziba njia ya feni, betri inachemka, kompyuta inapunguza nguvu, na mwenye gari anaambiwa betri imekufa wakati ingetosha kusafisha. Gharama ya kweli iko miguuni tena. Shokamzoba ya umeme ikivuja huwezi kufunga ya kawaida bila taa ya onyo kuwaka na mfumo mzima kulalamika. Vitovu na boljointi za mbele ni za ukoo wa Type R, si zile za Civic ya kawaida, kwa hiyo spea za dukani hazitaingia. Na tairi la 235/40 kwenye rimu ya inchi 19 likiingia shimo kwa mwendo, rimu inapinda kabla sespensheni haijapata muda wa kufanya kazi yake. Gari likifika, lipelekwe alaimenti kabla ya kitu kingine chochote. Likivuta upande mmoja hata baada ya alaimenti, boljointi za vile vitovu ndizo za kukaguliwa kwanza, na bei ya kuzibadilisha ijulikane kabla hujamlipa wakala salio lake.